Faili la Mama Lisilo na Mwisho

Faili lilionyesha ukubwa sifuri, lakini spika ilikohoa.

"Tupu kama tumbo langu," alisema kaka mtu, akiwa ameegemea mlango wa chumba ambamo dada yake alitengeneza kompyuta za watu. "Futa, tukale."

"Ukubwa ni maneno ya diski tu, kaka. Na diski hii mbovu, husema uongo."

Sauti ya marehemu mama yao, akitaja ukoo mzima, ilikuwa humo na si kwingine. Fundi akaiamuru kompyuta isiulize ukubwa: isome kipande, ikihifadhi, isome kingine, mpaka faili liishe lenyewe. Kikomo hakuweka. Nani humwekea mama yake kikomo?

Mama akasema. Akawataja mababu, akawataja wao wawili, akaaga. Kaka alijipangusa macho kwa kiganja.

Vipande viliendelea kuja.

Kwanza pumzi. Kisha harufu ya udongo uliochimbuliwa. Kisha sauti ile ile ya mama ikaanza kuwataja ambao hawajazaliwa, na vifo vitakavyowachukua, taratibu, kama mtu asiye na haraka, huku nafasi ikijaa, na picha za harusi, na sauti ya baba, na vyote walivyobakiwa navyo vikifutika kimoja kimoja kumpisha, na fundi akitaka kusimamisha lakini vidole havimtii, mpaka kaka alipong'oa waya ukutani.

Aliitwa shangazi yao, mtoa pepo. Alisikiliza habari ile akiwa kizingitini, hakuingia.

"Mama yenu aliishia alipoaga," alinong'ona. "Huyo mwingine amemdandia mgongoni. Mwekee mpaka, mwanangu. Pale pale kwenye kwaheri."

"Na kama mama bado yupo baada ya hapo?"

"Ndicho chambo chake hicho."

Fundi akaandika kikomo, akaanza upya. Mama akataja, akaaga. Kipande cha mwisho, kwa kuwa husomwa kizima, kikapita kwaheri kidogo tu, na sauti ikaongeza:

"Mwanangu, usini..."

Kimya. Harufu ikatoweka. Picha zilizosalia zilikuwa salama, na shangazi akashusha pumzi. Fundi alilia bila sauti, maana hakujua amemkata nani.

Jikoni, kaka aliyekuwa akipakua chakula aliweka upawa chini.

"Naam, mama," alisema kwa upole. "Nakuja."