Makofi ya Wasuke

Haya yalimpata Senkichi, mwenzangu wa kuvua ngisi. Asubuhi ya kufungua msimu alipanda hadi hekalu la miungu ya bahari, juu ya mwamba, kuiombea mashua yake. Ukungu ulikuwa mzito, hata ngazi hazionekani.

Akamkuta Oshige akifagia. Mumewe, Wasuke, alikuwa bubu; akitaka kukuita, hupiga makofi. Mwaka jana alitumbukia baharini kutoka kwenye mashua ya Senkichi, akazama, na Senkichi akaapa mbele ya kijiji kizima kwamba hakusikia kitu.

“Umekuja kuomba ngisi au msamaha, shemeji?” Oshige akamuuliza.

“Niache, shemeji. Nilishasema sikusikia.”

Akainama mara mbili, akapiga makofi mawili kama ilivyo ada. Kutoka baharini makofi mawili yakamjibu, mazito, ya viganja vilivyolowa.

Oshige akaacha kufagia. “Na hayo je, umeyasikia?”

“Sijasikia kitu!”

Yakalia tena, sasa kwenye ngazi. Oshige akasogea pembeni, kama anayempisha mtu.

Senkichi akainama upesi amalize sala. Akiwa bado ameinama, makofi yakalia sikioni mwake, na maji ya chumvi yakamrukia shavuni.