Mgeni wa Nyumba ya Nyati

Wifi yangu Najat hapiti mlango wa mtu bila hodi. Hata hapa Guangzhou, kwenye maduka ya Wachina ambao hawana habari na hodi wala karibu, yeye lazima asimame kizingitini aseme. Nilikuwa namtania, "We mwanamke, ipo siku utalipigia hodi friji." Anacheka, ananijibu adabu haina nchi. Ndiyo maisha ya mawifi, kuchokozana kutwa, lakini nampenda, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akadhani namzulia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili kama Jumapili nyingine. Kaka yangu Yasir, mume wa Najat, alikuwa kule soko la Zhongda anahangaika na majora ya vitambaa ya kupeleka Unguja. Najat alikuwa na mimba ya miezi saba. Kabla ya hiyo zilimtoka nyingine, zote changa, mpaka watu kwetu wakawa wanamwangalia kwa ile huruma inayoudhi kuliko matusi. Hii ilikaa. Tiketi ilishakatwa, aende akajifungulie kwa mama yake Mkunazini, huko Unguja, na safari ilikuwa mwisho wa wiki ile, kabla mashirika ya ndege hayajaanza kumkatalia. Yasir aliniambia, "Dada Bimkubwa, mke wangu na mwanangu wamo mikononi mwako mpaka wapande ndege." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Basi Najat akasema amechoka kukaa ndani kuangalia kuta. Kaona kwenye simu nyumba moja ya zamani nje ya mji, ilikuwa ya tajiri aliyefuga nyati wa maziwa enzi hizo. Wameihifadhi pamoja na bustani zake, watu wanakwenda kutembea. Nikaona heri, atanyoosha miguu.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka mwisho wa njia, kisha teksi. Bustani ilikuwa nzuri, mtu asiseme uongo. Kuna bwawa la mayungiyungi, kuna mianzi, kuna vijia vya mawe vinavyozunguka zizi la nyati ambalo sasa ni tupu na limefagiliwa. Miasumini ilikuwa inanukia adhuhuri, jua la utosi, wakati kwetu asumini hungoja jioni ndiyo ichanue. Najat akasema labda ya Kichina haijui saa, tukacheka tukapita.

Nyumba yenyewe ukuta wake umejengwa kwa maganda ya chaza, makali yametokeza nje. Watalii wachache walikuwa bwawani wanapiga picha, mlinzi yuko kwenye kibanda chake cha tiketi, mlangoni hakuna mtu. Najat akavua viatu, akasimama kizingitini.

"Hodi."

Nikaguna. Huyu kweli hana dawa.

"Hodi hapa," akarudia.

"Karibu."

Ilikuwa sauti ya kike, ya mtu mzima, kutoka vyumba vya ndani. Karibu ya kwetu kabisa, ile ya kuvutwa mwishoni, ya mtu aliyekaa kitako na kazi yake mkononi. Tukaangaliana kwa furaha. Ugenini ukiisikia lugha yako moyo unaruka. Nikamwambia Najat huyo ni Mzanzibari mwenzetu, tena mcheshi, hebu tumtafute atupe habari za nyumbani.

Tukamtafuta. Sebuleni kuna viti vizito vya mbao nyekundu, hakuna mtu. Jikoni hakuna mtu. Chumba cha kulala kina kitanda cha nguzo, kimezungushiwa kamba watu wasikae. Hakuna mtu. Nyumba nzima mlango wake ni mmoja. Nikamwacha Najat pale, nikamwendea mlinzi kumuuliza kwa Kichina changu cha sokoni kama kuna Mwafrika mwingine ndani. "Mei you," akanijibu, hakuna, neno lile lile wanalotuambia sokoni mzigo ukiisha. Akatunyooshea kidole, mimi na kule alikobaki Najat. Nyinyi wawili tu.

Niliporudi, wifi yangu kasimama kando ya kamba, mkono juu ya tumbo. Tandiko la kitanda limebonyea upande mmoja.

"Anasema tukae," akaninong'oneza.

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Kaniuliza mimba ina miezi mingapi."

Nikamshika mkono, nikamvuta. Hakubisha, mtoto wa watu. Ila pale kizingitini aligeuka nyuma, akafanya lile tunalofunzwa tangu wadogo. Mtu akikukaribisha kwake huondoki kimya kimya.

"Haya bibi, tunashukuru," akasema. "Nawe karibu kwetu."

Ni neno la mdomo tu. Tunalisema kila siku, na anayeambiwa anajua kuwa haji. Lakini hiyo ni kwa watu.

Ndani ya teksi kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile ya kumwonya dereva kuwa kiti cha nyuma yupo ambaye hajafunga. Mie nimefunga. Najat kafunga. Katikati yetu hapana kitu. Dereva akasimama, akakagua, akaondoka, ikalia tena. Ililia njia nzima. Tulipofika getini kwetu ikanyamaza.

Nilimweleza Yasir. Akasema ni joto, dada, lakini usiku ule akaweka Kurani kwenye simu, ikasomwa sebuleni mpaka asubuhi. Siku zikapita, hakuna kitu. Nikaanza kujicheka.

Siku ya kuamkia safari, nilikuwa msalani natia udhu wa alasiri. Yasir kaenda sokoni kuaga mzigo wake. Maji yanachuruzika. Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi."

Sauti ile.

Nikafunga bomba. Nikamwita Najat asijibu. Nilichelewa.

"Karibu," wifi yangu akasema, na furaha imo ndani yake.

Nikashika kitasa. Kinazunguka, mlango haufunguki. Nikagonga kwa viganja, nikaita jina lake. Upande wa pili namsikia anazungumza chini chini, taratibu, kama na jirani wa siku nyingi. Vikombe vinagongana. Nikaanza Ayatul Kursiyyu, nikaikosea. Nikaanza tena. Nikaikosea. Aya ninayoisoma tangu sijaota meno ya pili, ulimi umeikataa.

Halafu nikamsikia Najat.

"Chukua tu, bibi. Usione haya."



Mlango ukafunguka wenyewe. Sebule tupu. Vikombe viwili mezani, vyote vimenywewa. Mlango wa nje uko wazi. Nikatoka mbio, nikamkuta Najat ukumbini anatoka kwenye lifti, peku, anatembea mwepesi. Mwepesi kupita kiasi. Dera limemwanguka mwilini moja kwa moja, kuanzia mabegani mpaka miguuni.

"Nimemsindikiza mgeni," akasema. Anatabasamu.

"Najat. Tumbo lako."

"Mgeni haondoki kwetu mikono mitupu, wifi. Nilimwambia achague anachokitaka."

Hospitali walimpitisha kwenye mashine, wakamrudisha, wakampitisha tena. Hapana damu, hapana jeraha. Niliwaonyesha picha za mtoto tulizopigiwa mwezi uliopita, daktari akaziangalia, akaniuliza kwa upole kama nina hakika ni za huyu. Yasir alikaa chini sakafuni akalia. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na mie ningependa anilaumu. Usiku fahamu zilimrudia Najat. Akapapasa tumbo, akapiga ukelele ambao mpaka leo nalala nao na kuamka nao.

Tulirudi kwenye ile nyumba ya nyati, mimi na Yasir. Jua linawaka, watalii wanapiga picha. Kaka yangu alisimama kizingitini akapiga hodi mpaka sauti ikamkauka, na mlinzi akaja kumshika bega. Hakuna aliyemkaribisha.

Sasa Najat yuko Mkunazini kwa mama yake. Ilipofika tarehe ambayo angejifungua, maziwa yakaingia. Daktari kampa vidonge vya kuyakausha, havikufua dafu. Mama yake anasema kila alfajiri kifua kinajaa mpaka kinalowanisha nguo, na mara kinakuwa kitupu, bila kukamuliwa. Mwanzoni Najat alikuwa analia. Siku hizi ikifika saa yake anakaa kitako, anaegemea mto, anakunja mikono kama aliyepakata mtoto, anangoja.

Juzi kanipigia simu ya picha. Hakunisalimu. Akateremsha kanga kidogo, akasogeza simu. Kando ya chuchu palikuwa na alama mbili ndogo, bado nyekundu.

"Wifi," akaninong'oneza, "ameanza kuota meno."