Mipira Mipya ya Milango

Fundi Ikwap wa Tororo alipomaliza kubandika mipira mipya ya milango, vioo vya gari vilianza kutoka jasho kwa ndani, na ndani hamkuwa na mtu.

"Ni gundi hiyo," alisema, akipangusa kioo upande usio na ukungu.

Gari lilikuwa la mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nne. Mipira ya zamani ilikuwa imekauka, ikimeguka kama mkate wa juzi. Mvua iliingia, vumbi liliingia. Mwenyewe, Maloba, hakujali mpaka mkewe Edah alipokaribia kujifungua. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Hii, aliapa, itafika hospitali bila kuguswa na tone.

Maloba alikuwa karani wa mpakani Busia, na kwake kitu kisicho na muhuri hakikuwapo duniani. Gari hilo alilinunua mnadani mwaka uliopita, mwaka sitini na sita, baada ya kulikamata yeye mwenyewe. Lilikuwa likimpeleka marehemu mzee Okochi kuzikwa kwao Funyula, ng'ambo, upande wa Kenya, na kibali cha gari kimekwisha muda. Maloba akaamuru jeneza lihamishiwe kwenye lori la mahindi. Mjane aliomba nafasi kidogo aseme na marehemu, kwa kuwa kwao maiti akihamishwa huambiwa anashuka wapi na anapanda nini, asije akabaki njiani. Maloba alimjibu kwamba ofisi inafungwa na kwamba, kisheria, maiti si abiria.

Sasa mvua ya alasiri ilikuwa ikinyesha. Walitoka Tororo kuelekea Busia, Edah mbele kando ya mumewe, Ikwap nyuma ili aone kama maji yanapenya. Hayakupenya. Ndani palikuwa kimya, kimya cha chumba kilichofungwa, na taratibu ikapanda harufu ya kafuri. Mtu akakohoa.

Maloba alisema ni yeye. Hakuna aliyemwuliza.

"Maloba," Edah alinong'ona, mkono tumboni, "mtoto hachezi. Tangu tufunge milango, hachezi."

"Karani," Ikwap naye akasema polepole, bila kugeuza shingo, "hapa nyuma iko mzee. Amelalia bega yangu. Zamani alikuwa natoka na kuingia kwa zile nafasi za mlango. Mimi ndiyo nimemfungia."

Maloba alikanyaga breki na kuvuta kitasa, na mlango haukufunguka, wala wa pili, na harufu ile ikawa nzito hata ikakaa ulimini kama dawa, na Ikwap akachomoa bisibisi akaanza kuichana mipira aliyoibandika asubuhi ile ile, huku pumzi ya mtu wa nne ikisikika karibu, ikienda na kurudi bila haraka, pumzi ya mtu aliyezoea kusubiri wakubwa, na Edah akilia bila sauti kwamba tumbo lake linapoa.

"Sema naye," Ikwap alisihi. "Mwambie ashuke."

Maloba alikohoa, akanyoosha tai. Lugha nyingine hakuwa nayo.

"Mzee Okochi, kwa mamlaka niliyopewa, umeruhusiwa kushuka katika chombo hiki."

Hakumwambia apande nini.

Springi za nyuma ziliinuka. Milango ikafunguka yenyewe, upepo wa mvua ukaingia, kafuri ikatoweka. Ikwap alijishika bega, akacheka kama mtu aliyetoka korokoroni. Na Edah akashtuka, akashika tumbo kwa mikono miwili: mtoto alikuwa amepiga teke, teke la nguvu, kisha jingine.

Maloba alilia kwa furaha, akaliondoa gari. Walikwenda, mvua ikiwalowesha kupitia mipira iliyochanwa, na hakuna aliyelalamika.

"Tukifika Busia usisimame," Edah alisema. "Vuka. Nipeleke Funyula."

Hawakuwa na ndugu wala rafiki upande ule. Maloba alimtazama; alikuwa ametulia, macho barabarani.

"Funyula kuna nani?"

"Mke wangu," alisema Edah.