Pakiti Niliyoimwaga Kibuyuni

Nina miaka hamsini na tano na niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikikosea maneno. Mkono huu unaoshika kalamu ndio uliomtoa wifi yangu jicho. Sijui kama nina haki ya kuwaomba huruma... pengine sina.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ndio kwanza zimefunguliwa. Maduka ya Kariakoo yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa vitu vya nje. Mimi na wifi Ndeshi, dada wa mume wangu, tuliuza mtindi uani kwetu Gerezani. Kibuyu alikuja nacho yeye kutoka Kilimanjaro, cha mama yao. Hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Kilifukizwa moshi, mtindi wa jana ukabakizwa kidogo chini, maziwa mapya yakamiminwa juu yake. Basi. Watu waliufuata mtindi ule kutoka Ilala!

Lakini ulichukua siku mbili kuganda, na mimi subira sina.

Siku moja nikaona pakiti za unga wa kugandishia maziwa dukani kwa dada Nisha, binti wa Kihindi aliyesomea vijidudu chuoni kabla ya kurudi kumsaidia baba yake. Maziwa yanaganda kwa saa chache! Sitamsingizia. Aliniambia kabisa nitumie chombo kingine, nisichanganye na chachu ya zamani. Nikaitikia, sawa dada. Nikanunua pakiti moja, nikaenda kuimwaga kibuyuni, wifi akiwa amekwenda kupokea maziwa.

Kwa wiki tatu hivi ulitoka mtindi wa ajabu, mzito, wa haraka. Wifi akasema kibuyu kimebarikiwa. Nikaitikia amina.

Kisha ukaharibika. Maji yakajitenga, likaja povu lenye harufu. Mtoto wa Mama Salma, mpangaji mwenzetu, aliunywa, akatapika na kuharisha hadi akawekewa dripu. Mama yake akaingia uani na panga, anauliza nani kati yetu ametia sumu.

Hapo ningeweza kusema. Sentensi moja tu! Lakini niliogopa lile panga, nikamnyooshea wifi kidole. Nikasema yeye ndiye hujifungia na kibuyu, hukitia moshi, hukinong'oneza...

Kunong'ona ni kweli. Alikuwa anasali. Nilijua.

"Mama Neema," aliniambia taratibu, "mimi na wewe si tunakula sahani moja?"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa uani, mtu akasema mchawi. Nani, sikuona, kwa hiyo simtaji. Panga likashuka juu ya kibuyu, kikapasuka. Wifi akajitupa juu ya vile vipande kama anayemfunika mtoto, nao wakaanza kumpiga mgongoni. Kuni, ndoo, mateke. Mwenye nyumba peke yake alijaribu kuzuia, akang'olewa meno mawili. Na mimi? Ili wasinigeukie, nikachukua mwiko wa kusongea ugali, nikampiga usoni. Daftari langu la mauzo lina mstari mmoja wa siku ile: "Nimempiga mara mbili." Nadhani zilikuwa tatu.

Jicho la kushoto halikuokoka.

Siku ya nne nikampelekea dada Nisha kipande cha kibuyu, nikamweleza yote. Akaniambia mle ndani mlikuwa na vijidudu vya aina nyingi vilivyozoeana tangu enzi. Hawa wanakula sukari ya maziwa, wale wanakula wanachobakiza wenzao, wengine wanazuia wageni wabaya. Mimi nikaingiza aina moja inayokula haraka kuliko zote, ikazinyima nyingine chakula. Zilipokwisha, nayo ikapata ugonjwa wake, maana hata vijidudu huugua, ikafa. Mlango ukabaki wazi kwa wale wageni wabaya.

"Sasa wifi yako alikosa nini?" akauliza.

Jioni hiyo nikamwambia mume wangu. Akanipiga mpaka nikavunjika ubavu. Hasira yake naielewa, mateke yake sikubali mpaka leo. Akaondoka na dada yake na binti yetu Neema.

Baada ya miaka kumi nilijikaza, nikapanda kwao Kilimanjaro kuomba msamaha. Wifi alitoka, akanikaribisha kiti, akaniletea kikombe cha mtindi. Nilipoonja nikalia. Ulikuwa ule ule!

Nikamuuliza aliupata wapi, na kibuyu tulikipasua.

"Mama alikuwa amemgawia jirani chachu," akasema. "Tulikwenda kwake tukaomba, akatupa." Akanigeuzia upande wa jicho zima ili anione vizuri. "Jicho ndilo nilikuwa sijamgawia mtu."

Hakusema amenisamehe, nami sitawadanganya kwamba alisema. Alisubiri nimalize, akachukua kikombe.

Ndugu msomaji, usiguse kitu usichokijua kinavyoishi. Na ukishakigusa kikaharibika, sema ni wewe... sema mapema, wakati kuni bado ziko jikoni. Mimi nilimeza sentensi moja, na wifi yangu ndiye aliyeilipia.