Mume Aliyeachwa Nje ya Bima

Kila siku ya kazi, Nakhumicha hupiga deki madarasa ya chuo huko Chepkoilel. Jioni hurudi nyumbani mtaa wa West Indies, akapika, akaogesha watoto wawili, Linah na mdogo wake, kisha akamngoja mumewe, Sifuna.

Sifuna ni seremala. Zamani watu walimletea picha ya kabati wakamwambia, "Fundi, nataka hii hii." Siku hizi mikono inamtetemeka mpaka apate chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, ya asubuhi. Bila hiyo hashiki hata msumari. Miaka minne sasa.

Majirani wakiuliza, Nakhumicha husema, "Ana typhoid."

"Typhoid gani hii, Mama Linah?" Edinah wa mlango wa pili alimchokoza siku moja. "Inayoimba nyimbo za harusi?"

Ijumaa moja Nakhumicha alichoka. Aliwapeleka watoto kwa dadake, akamfungia mumewe ndani kwa kufuli. Siku tatu bila tone, alijiambia, atapona. Nyumba nyingi zimefanya hivyo. Nyingine zimezika watu wao, na hakuna aliyekuja kuwaonya mapema.

Jumapili Sifuna alitapika, akalowa jasho. Kisha akaanguka. Mwili ulikakamaa, ukaanza kurukaruka. Nakhumicha akafungua mlango, akapiga yowe.

Aliyefika kwanza ni Jepchumba, mhudumu wa afya ya jamii pale mtaani. Alikuwa akitoka kanisani. Alisukuma stuli mbali na kichwa cha Sifuna. Mwili ulipotulia, akamlaza kwa ubavu.

"Alikunywa lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa. Nimemfungia ili aache."

"Mama Linah, karibu umuue! Mwili uliozoea pombe kila siku haunyimwi ghafla. Mtu anaweza kuanguka hivi na asiamke. Kuna dawa za kumsaidia kuacha, lakini ni za hospitali. Twende sasa hivi."

"Nitalipa na nini? Halafu huu ni ulevi. Nani atamtibu mlevi?"

"Ni ugonjwa. Na SHA, bima ya afya ya serikali, inasaidia kuutibu. Si unakatwa mshahara?"

Alikuwa anakatwa, tena tangu enzi za ile kadi ya zamani ya bima. Kwa kukata, hawakusahau hata mwezi mmoja. Kumweleza anakatiwa nini, hakuna aliyepata nafasi.

Walipokuwa wakingoja tuktuk, walifungua ukurasa wa bima kwenye simu ya Nakhumicha.

"Wewe uko," Jepchumba alisema. "Linah yuko, na mdogo wake. Baba Linah simwoni."

Nakhumicha aliinamisha kichwa. "Siku ya kujiandikisha alikuwa amelala mtaroni. Nikasema jasho langu halitamlipia huyu. Nikaandika watoto peke yao."

"Basi beba kitambulisho chake. Tutamwongeza huko huko. Daktari hatangoja karatasi, hii ni dharura."

Hospitalini daktari aliuliza shida ni nini.

"Ana typ..." Nakhumicha alianza. Jepchumba akakohoa, naye akasema kweli.

"Ni chang'aa, daktari. Kila siku. Miaka minne."

"Vizuri umesema," daktari alijibu. "Ungenificha, ningempa dawa isiyo yake."

Siku iliyofuata Sifuna alikuwa na fahamu. Karani alichukua kitambulisho chake na alama ya kidole, akamwandika chini ya bima ya mkewe kama mume. Alimweleza Nakhumicha kwamba bima hulipa hadi kiwango fulani tu, na kwamba si kila kituo kina mkataba na SHA. Kwa hivyo aulize kabla ya mgonjwa kuhamishwa. Nakhumicha akauliza, akauliza tena, mpaka karani akacheka.

"Mama, wewe utanimaliza na maswali."

"Nimelipa miaka mingi bila kuuliza. Leo nauliza yote."

Sifuna alilazwa, akapewa dawa, akakaa na washauri na watu wengine waliokuwa wakiacha pombe. Bima ililipia matibabu. Sabuni na nguo Nakhumicha alinunua mwenyewe.

Baada ya kutoka, Sifuna aliendelea na kliniki. Mwezi wa pili aliteleza, akanywa. Kesho yake hakujificha. Alikwenda kliniki mwenyewe, wakaanza tena pale alipoangukia. Sasa miezi saba imepita tangu siku hiyo. Wiki iliyopita alimaliza kabati la mteja, na milango inafunga sawasawa.

Edinah naye alikuja, sauti chini. "Mama Linah, kakangu ana... typhoid."

"Sema pombe, Edinah. Halafu twende kwa Jepchumba."

Jioni hiyo Sifuna alikaa mezani, akamuuliza mkewe.

"Kwa nini hukuniandika tangu mwanzo?"

"Nilikuwa na hasira na wewe."

"Na sasa?"

Nakhumicha alimsogezea sahani ya ugali.

"Hasira bado iko. Lakini umeandikwa. Kula, kesho ni kliniki."