Komeo la Trela ya Adan

"Elfu kumi na nane nimekulipa, na kila asubuhi napata mlango uko wazi," Adan alifoka. "Nirudishie pesa yangu."

Rafiki yangu Muigai, fundi wa kuchomelea vyuma pale Ruiru, hapendi kuitwa mwizi. "Twende kwa hiyo trela, bosi. Komeo langu likiwa bovu, nitakurudishia hadi ya chai."

Waliikuta trela Thika, ikiwa tupu. Haikuwa imetoka hapo tangu Mahir, mdogo wake Adan, afie humo kwa kukosa hewa. Mahir alizoea kulala juu ya magunia akilinda mzigo. Watu wa trela hugonga mlango kwanza, wasikie kama kuna mtu, ndipo wafunge. Siku hiyo Adan alifunga bila kugonga.

Muigai alichungulia kila kona, akafunga, akatia kufuli, akautikisa mlango. Haukucheza. Kwa mazoea tu, akagonga bati kwa spana.

Ndani, gizani, bati likagongwa polepole. Kisha zikasikika kucha zikipapasa chuma, zikitafuta kishikio kisichokuwepo.

Muigai akageuka. Adan hakuwa ameshtuka. Alikuwa analia.

"Wacha pesa," akasema. "Mfungulie ndugu yangu."