Daftari la Datsun Nyekundu

Kila Jumamosi, kabla jua halijaanza kuchoma, Mbinya alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine pale Kathonzweni aliyepewa. Wenzake walipeleka mbuzi malishoni au waliwapakia punda madebe wakateremka mtoni. Hayo yote hata yeye aliyafanya, lakini kwanza alichukua ufunguo uliotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, akaenda kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akavuta turubai na kuwasha gari.

Lilikuwa gari dogo aina ya Datsun, jekundu, lenye milango miwili na pua ndefu, lililoundwa kwa ajili ya watu wapendao mbio. Baba yake, Mbuvi, alikuwa fundi wa magari Mombasa. Tajiri wake alipohama nchi hakuwa na fedha za kumlipa kiinua mgongo, akamwachia gari hilo. Mtu mwingine angeliuza wiki hiyo hiyo. Mbuvi aliliendesha hadi nyumbani kwake Makueni na kulifungia kibandani.

"Mombasa hewa ina chumvi, inakula mabati," aliwaeleza majirani. "Huku kwetu ni kukavu. Gari kama hizi haziundwi tena. Ikikaa vizuri miaka michache, bei itapanda."

Mzee Kiilu, jirani yao, alilizunguka gari lile mara mbili. "Ng'ombe huzaa ndama," akasema. "Sasa hii, Mbuvi, itazaa nini? Baiskeli?"

Watu walicheka sana. Mbuvi naye alicheka, kisha akajibu, "Mwaka wa themanini na nne ng'ombe wangu saba walikufa na njaa. Hii haili nyasi, mzee."

Kwa Mbinya jambo hilo halikuwa la kuchekesha. Mama yake, Nzilani, aliteleza kwenye ukingo wa mto akiwa na mtungi mgongoni, na tangu siku hiyo nyonga yake haikupona. Alitembea akiegemea upande mmoja, na bado kila siku aliteremka mtoni kuchimba mchanga hadi maji yatokeze. Baba alikuwa ameahidi kwamba gari likiuzwa atajenga tangi kubwa la saruji kando ya nyumba, la kukinga maji ya mvua. Kwa hiyo Mbinya alipolitazama gari, aliliona tangi la mama yake.

Kabla ya kurudi Mombasa kwenye gereji nyingine, baba alimfundisha kazi ile kwa uvumilivu mwingi. Kufunga waya wa betri, kupima oili na maji, kuhakikisha gia iko huru, kuwasha na kuacha injini ingurume robo saa, halafu kuufungua waya tena. Kisha aandike tarehe kwenye daftari na kutia alama ya vema. Mbinya alikuwa amepewa jina la nyanya yake aliyemzaa baba, kwa hiyo baba hakumwita Mbinya. Alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama desturi ya Wakamba ilivyo.

"Mwaitu, shika mambo mawili," alimwambia. "La kwanza, ukisikia harufu ya petroli, usiguse ufunguo. Toka nje. La pili, hii daftari. Gari ya zamani ambayo haijulikani imetunzwa vipi ni chuma tu. Mnunuzi ataangalia daftari kabla ya kuangalia rangi."

Kwa zaidi ya mwaka mmoja Mbinya hakukosa hata Jumamosi moja. Halafu ukaja msimu wa mbaazi wa mwaka 1988, naye akajifanya mjanja.

Mama alimtuma apeleke mfuko wa mbegu za mbaazi ghalani. Ghala lilikuwa limejaa wadudu waharibifu, na Mbinya akawaza kwamba gari hufungwa kabisa, milango na vioo, hata mdudu hawezi kupenya. Akauweka mfuko nyuma ya kiti cha dereva, akajisifu moyoni kwa akili zake. Alisahau kwamba mtu akiwa na meno hahitaji mlango.

Jumamosi ya tatu ya Agosti alifungua gari akakuta mfuko umetobolewa, mbaazi zimemwagika, na vinyesi vya panya vimetapakaa kila mahali. Lakini si hivyo vilivyomtia hofu. Juu ya kiti cha dereva, pale anapokaa yeye, palikuwa na gamba la nyoka, refu, jeupe, limevuliwa karibuni. Mbinya alijua panya wakiingia mahali nyoka huwafuata. Alijua pia kwamba swila wa maeneo yale hutema sumu machoni. Aliufunga mlango taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka nje.

Angemwambia mama siku ile, mambo yangekwisha siku ile. Lakini angeulizwa mbaazi zilifikaje ndani ya gari. Akaketi jikoni, akafungua daftari, akaandika tarehe, na mkono wake ukatia alama ya vema. "Jumamosi ijayo nitaingia," alijiambia.

Jumamosi iliyofuata alifika mlangoni mwa kibanda na ufunguo mkononi. Alisikia kitu kikichakura ndani ya gari, akakimbia. Akatia vema nyingine. Baada ya hapo hakufika hata mlangoni. Aliketi nyuma ya kibanda robo saa nzima, akihesabu pumzi zake ili muda upite, kisha akarudi nyumbani kuandika uongo wake kwa mwandiko mzuri. Kwenye barua alizomwandikia baba alisema, "Gari ni zima na linakusalimu." Baba alijibu kwamba barua zile alikuwa akiwasomea mafundi wenzake, na hilo lilimuumiza kuliko kama angemgombeza.

Mama alimwona akikosa hamu ya kula. "Unaumwa?" alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi mbona siku hizi ikifika Jumamosi unakuwa kama mtu anayengoja sindano?"

Mbinya alisema ni mambo ya mtihani. Mtihani ulipita, woga ukabaki. Alimwogopa nyoka, alimwogopa baba, na zaidi ya yote aliogopa kumwona mama akiteremka mtoni na debe lake, akiegemea upande mmoja, bila kujua lolote. Usingizini aliliona tangi likijengwa, na kila lilipojazwa maji yaligeuka mbaazi zilizotafunwa.

Katikati ya Desemba, siku ya Jumamosi, pikapu ya kijani ilisimama uani. Baba aliteremka akitabasamu, na pamoja naye mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu. Huyo alikuwa Bwana Gachanja, mfanyabiashara wa Emali aliyekuwa na mazoea ya kununua magari ya zamani. Mbinya hakupata nafasi ya kumwona baba peke yake. Mgeni alikuwa na haraka, na chai alikunywa amesimama.

"Mzee, kwanza hiyo daftari uliyoniambia," Gachanja alisema.

Mbinya alikwenda kulileta. Kutoka jikoni hadi uani ni hatua ishirini tu, lakini siku hiyo aliona kama amepanda na kushuka mlima. Gachanja alifungua kurasa moja moja akizifuata kwa kidole.

"Niliwahi kununua gari kama hii, inang'aa kama sahani," alisema. "Ilikuwa imelala miaka mitatu, injini imeshikana. Watu hufikiri gari kuukuu ni kama shamba, unaiacha tu bei inapanda. Hapana. Bei inashuka kila mwaka, na zinazopanda ni zile chache zilizotunzwa na mtu. Na hii imetunzwa." Akalipiga daftari kwa kiganja. "Kwa sababu ya hii, Mbuvi, nitakupatia ile bei uliyotaja. Sipunguzi."

Mama aliweka birika chini. Alijifunika uso kwa kanga, na Mbinya akajua analia kwa furaha. Mzee Kiilu, aliyekuwa amekuja kuona gari likizaa, aliguna tu.

Walikwenda kibandani. Baba alivuta turubai, akafungua boneti na kufunga waya wa betri. Kisha akatoa ufunguo na kumpa bintiye.

"Mgeni atawashiwa na dereva mwenyewe," alisema kwa majivuno. "Mwaitu, ingia."

Mbinya aliufungua mlango. Gamba la nyoka halikuwepo kitini, panya walikuwa wameshaliburuta na kulikatakata. Macho yake yalitafuta kila pembe, kisha akakaa, kwa sababu watu wote walikuwa wakimtazama. Hapo ndipo harufu ilipompata. Petroli, nzito, ya kukaba koo. Akatazama chini ya usukani akaona waya zinaning'inia, zimegugunwa hadi shaba inaonekana, na tandiko la panya katikati yake.

Baba alikuwa bado ameinama kwenye boneti. Pua yake, baada ya miaka mingi gereji, ilikuwa haitofautishi tena petroli na hewa. Gachanja alikuwa ameweka mkono juu ya paa la gari. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Mbinya alifikiria kusema kwamba ufunguo umekwama. Alifikiria kusema anaumwa. Lakini baba angeingia mwenyewe na kuuzungusha.

"Baba," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Fungua waya wa betri. Watu watoke nje. Kuna petroli."

Baba hakuuliza. Alichomoa waya mara moja na kuwatoa watu wote nje. Halafu alirudi peke yake na tochi, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mpira mwembamba uliokuwa ukipitisha mvuke wa petroli nyuma ya kiti. Ulikuwa na alama za meno pande zote.

"Hii haikuliwa jana," alisema polepole. "Mbinya, uliwasha gari hii lini mara ya mwisho?"

Aliitwa Mbinya. Jina lake mwenyewe lilimchoma kama miiba.

"Agosti, baba. Niliweka mbaazi za mama ndani, panya wakaja. Nikaona gamba la nyoka, nikaogopa. Sijaingia tena. Jumamosi kumi na saba kwenye daftari ni za uongo."

Baba alikwenda akaketi juu ya jiwe la kufulia, akawapa mgongo. Hakuwa mtu wa fimbo, na siku ile Mbinya aliona afadhali angekuwa. Mama alitazama chini. Gachanja alikwenda zake kwenye pikapu, akafungua mlango, na Mbinya akajua tangi limeondoka.

Lakini Gachanja alikuwa amefuata kalamu. Alirudi, akamkabidhi Mbinya daftari na kalamu ile.

"Weka alama pale uongo ulipoanzia," alisema.

Mbinya alifungua ukurasa wa Agosti. Machozi yalidondokea karatasi, lakini aliandika kwa herufi kubwa: KUANZIA HAPA SI KWELI. Akakata vema zote kumi na saba, moja moja.

Gachanja alisoma, akamgeukia Mbuvi. "Ile bei tulisema siwezi tena. Hii gari imeumia. Ukiitengeneza, nitakupatia theluthi mbili."

"Hata sasa unaitaka?" Baba aliuliza bila kugeuka.

"Angewasha, tungeungua sote hapa. Angenyamaza na ikakosa kuwaka, ningetupa daftari yote, maana anayedanganya wiki moja nitajuaje hakudanganya mwaka mzima? Sasa ninajua kurasa za kweli ni zipi. Hizo nitazilipia."

Likizo yote ile baba na binti walifanya kazi kibandani. Mbinya alitoa matandiko ya panya kwa mikono yake, na baba akabadilisha waya na mipira. Hawakumwona nyoka. Yawezekana alivua gamba lake, akala panya wawili, akaenda zake siku ile ile. Siku nne za kwanza baba aliomba spana bila kumwita jina lolote.

Siku ya tano injini iliwaka. Baba aliisikiliza, akaizima, akafuta mikono.

"Wewe ulimwogopa nyoka," alisema, "na nyoka hakugusa hata uzi. Walioharibu ni panya, na panya walipata miezi minne kwa sababu ulificha. Kuogopa si kosa. Mimi pia ningeogopa. Siku nyingine ukiogopa, uniambie nije tuogope pamoja, wakati kitu bado ni kidogo."

"Nitasema, baba."

Tangi lilijengwa Februari. Halikuwa lile kubwa lililoahidiwa. Maji yake yalitosha kufika Agosti, na miezi iliyobaki mtu alilazimika kuteremka mtoni. Mbinya alimwambia mama kwamba mtu huyo atakuwa yeye kila anapokuwa nyumbani, na mama hakubishana. Mzee Kiilu alilizunguka tangi mara mbili na kukiri kwamba gari, kumbe, huzaa.

Gachanja, aliyekuwa amelipa mapema, alipokuja mwanzoni mwa Machi kuchukua Datsun aliliweka daftari kwenye kisanduku cha mbele, ukurasa wa Agosti ukiwa umekunjwa pembe ili auonyeshe kwanza kwa yeyote atakayeuliza. Gari likaondoka likiacha vumbi. Baba alilitazama hadi likapotea, kisha akachukua madebe mawili yaliyokuwa matupu.

"Twende mtoni, Mwaitu," alisema. "Mvua haijanyesha bado."